Maji ya Moto ya Mzazi

Baridi ya Guangzhou ilikuwa na harufu yake. Ilinuka nguo zilizofuliwa zikakataa kukauka, tangawizi iliyochemshwa katika kila nyumba ya ngazi yetu, na gundi ya selotepu ya kufungia maboksi, ambayo ikipata unyevunyevu hunuka kama samaki wa jana. Watu wa nyumbani wakisikia China hufikiria theluji na nyumba zilizopashwa joto kwa mabomba ya ukutani. Huko ni kaskazini. Kusini tulikokuwa sisi, nyumba zilijengwa kwa ajili ya jua. Sakafu ilikuwa ya vigae, madirisha yalipitisha upepo hata yakifungwa, na kuna siku ndani palikuwa na baridi kuliko barabarani. Mama yangu, mzaliwa wa Tukuyu aliyekulia kwenye ukungu, alisema baridi ya kwao humpiga mtu usoni waziwazi, lakini hii humjia kwa nyuma ikamkaa mifupani. Kitu pekee chenye joto katika nyumba yetu kilikuwa hita ya maji ya gesi, sanduku jeupe lililotundikwa jikoni. Lilikuwa na kidirisha ambacho maji yakifunguliwa uliona moto ukiwaka ndani yake, nami nilikuwa nikisimama mbele yake kila asubuhi kabla ya shule, nimejifunga kanga ya mama, nikijifanya naota moto wa kuni.

Tulikaa Xiaobei, ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti, karibu na jengo la biashara la Tianxiu ambako Waafrika wengi walikuwa na ofisi na maduka yao. Mama alikuwa akienda soko la nguo la Shahe alfajiri kuchagua jinzi na magauni ya watoto, anarudi nayo, tunayafunga mabalo sebuleni, kisha wakala wa mizigo anakuja kuyachukua yasafirishwe hadi Mbeya, ambako baba aliyapokea na kuyauza. Mimi nilisoma shule ya mtaani pamoja na watoto wa Kichina waliotoka mikoani na wazazi wao, na kwa kuwa mtoto hana aibu ya kukosea, Kichina kilinishika haraka. Nilipofika umri wa miaka kumi nilikuwa mdomo wa familia. Mama alijua maneno ya soko, ya bei na ya kukataa bei. Mambo mengine yote, kuanzia homa hadi umeme kukatika, niliyasema mimi.

Olimpiki ya Beijing ilikuwa imepita, lakini msako uliokuja nayo haukupita. Polisi walisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu wakiomba pasipoti, na mara nyingine walipanda ngazi za majengo wakigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Pasipoti ya mama ilikuwa ofisi ya viza ikisubiri kuongezwa muda, na alichobaki nacho ni kikaratasi ambacho askari mmoja hukikubali na mwingine hukikataa. Basi kukawa na sheria ndani ya jengo letu: mlango haufunguliwi kwa mtu yeyote mpaka ajulikane kwa sauti. Mtu akigongewa, nyumba nzima inanyamaza, redio inazimwa, hata sufuria inaondolewa motoni ili isitoe mlio. Tulizoea kiasi kwamba sisi watoto tulikuwa na mchezo wetu wa kuona nani anaweza kunyamaza muda mrefu zaidi.

Katikati ya baridi hiyo akazaliwa mdogo wangu, Ipyana. Mama mdogo Tusekile alifunga safari kutoka Tukuyu kwa kazi moja tu, kumkanda mzazi. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono yenye nguvu na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na ndani ya begi lake alileta majani makavu, kanga mpya na chupa ya asali iliyofungwa kwa mifuko isiyohesabika. Siku ya kwanza tu alikagua nyumba kama mwalimu wa zamu. Akasema hawezi kumkanda mtu penye upepo. Akaziba kila ufa wa dirisha kwa nailoni na selotepu. Akaniambia nimsaidie kusukuma mabalo ya jinzi mpaka kwenye roshani, tukayapanga yakafunika ukuta wote wa jikoni kwa nje, kwa sababu, alisema, jinzi zinazuia baridi kuliko tofali. Nyumba ikawa na joto kweli. Mama akatabasamu kitandani, mtoto akalala, na mama mdogo akafungua hita, akajaza beseni, kazi ikaanza.

Kukandwa si jambo la kimyakimya. Mama, ambaye alikuwa akibishana na wenye maduka wa Shahe bila kupepesa jicho, alilia kama mtoto kila kitambaa cha moto kilipomgusa tumboni, na mama mdogo alimwambia, "Lia tu dada, ukimaliza kulia utakuwa mtu." Kisha wote wawili walicheka. Nilipenda kukaa mlangoni kuwasikiliza. Lakini baada ya siku chache hita ikaanza visa. Inawaka, inaguruma kidogo, inazimika. Maji yanatoka ya moto, kisha vuguvugu, kisha baridi ya kukata pumzi, na mama mdogo anatoka bafuni na povu la sabuni kichwani akiuliza ni nani amemfanyia hivyo. Moto wenyewe, uliokuwa wa bluu, uligeuka njano na kuchezacheza. Tukabadilisha betri za kuwashia. Tukabadilisha mtungi wa gesi. Jirani yetu wa ghorofa ya chini yetu, kaka Swaleh wa Mombasa, mfanyabiashara wa simu na mtu wa mzaha mwingi, alipanda akasema, "Hebu niachieni mimi, hivi vidude havitaki kubembelezwa," akaipiga kofi la ubavuni. Ikawaka. Akashuka akijisifu, na kabla hajafika kwake ikazimika.

Wakati huohuo sote tulianza kuumwa kichwa. Mama alisema ni uchovu wa uzazi. Mama mdogo alisema ni safari ya ndege, haijamtoka. Mimi nilisinzia darasani, mwalimu akadhani nakesha kwenye televisheni. Nilimwambia mama kuna duka la mafundi wa hita pale nyuma ya soko la mboga, akakataa. Mtu mgeni hataingia humu, alisema, kisha atoke akahadithie kaona Waafrika wangapi. Tutachemsha maji kwa birika. Tukachemsha kwa birika, na beseni la kumkandia mzazi linameza birika nyingi, hata likijaa maji ya birika ya kwanza tayari yamepoa. Kwa hiyo mama mdogo aliendelea kuibembeleza hita, akiwa amesimama mbele yake na beseni, mpaka mchana mmoja nilipotoka shuleni nikamkuta ameketi sakafuni jikoni, maji yamemwagika, uso wake umebadilika rangi, anacheka kicheko kisicho na sababu. "Miguu imekataa," aliniambia. Mama alitoka chumbani akijishikilia ukutani. Alimtazama mdogo wake pale chini, akamtazama Ipyana aliyefungwa mgongoni mwa mdogo wake huyo, kisha akaniambia, "Atu, nenda kamlete huyo fundi."

Fundi alikuwa mwanamke. Jina lake la ukoo lilikuwa Liang, na mtaa mzima ulimwita Liang Shifu, kama sisi tunavyosema Fundi fulani kwa heshima. Nilimkuta mlangoni mwa duka lake anakula wali. Nilianza kueleza kwamba hita yetu inazimika, naye akaendelea kutafuna akisikiliza, hana haraka. Akauliza moto una rangi gani. Nikasema njano. Vijiti vikasimama hewani. Akauliza kama kuna mtu anaumwa kichwa. Nikasema wote, na mama mdogo amekaa chini hawezi kusimama, na nyumbani kuna mtoto mchanga. Aliweka bakuli chini. "Kimbia," aliniambia. "Zimeni hita, msiiguse. Fungua kila dirisha na mlango wa roshani. Toeni watu jikoni. Mimi nachukua vifaa, nakuja nyuma yako."

Nilipanda zile ngazi bila kuzihisi. Nikapasua nailoni za mama mdogo madirishani huku akilalamika, baridi ikaingia yote kwa pamoja, tukahamia chumbani. Sikuwa na wakati wa kueleza vizuri. Ndipo tukasikia kutoka chini sauti ya kaka Swaleh ikipanda kwenye ngazi, "Jamani, wanakuja. Sare ya bluu." Milango ikafungwa ghorofa baada ya ghorofa. Kisha mlango wetu ukagongwa kwa nguvu, ugongaji wa mtu asiye na wasiwasi. Mama mdogo, aliyekuwa hawezi kusimama, alisimama. Alimfunika mama na mtoto blanketi mpaka kichwani, akakaa juu ya ukingo wa kitanda, akaweka kidole mdomoni. Mimi nikanyata hadi kwenye kitundu cha mlango. Niliona kofia, nikaona kola ya sare. Kisha aliyesimama nje akabadilisha mkono, nikaona alichobeba.

"Mama," nilinong'ona, "polisi hawabebi spana."

Liang Shifu aliingia akihema kwa ngazi, amevaa sare ya bluu ya mafundi ambayo dukani hakuwa nayo, na nilishangaa kwamba hakuifuata hita. Alitoa mfukoni kifaa kidogo cha kupima hewa, akazunguka nacho chumba hadi chumba, akikitazama. Alinusa. Aliuliza hita imefungwa lini, nani aliifunga, maumivu ya kichwa yalianza lini, ni wakati wa kuoga au wakati wote. Nilikuwa nikitafsiri huku na huku mpaka ulimi ukachoka. Kisha aliwasha kijiti cha ubani alichokuwa nacho kwenye mkoba, akakisogeza karibu na tundu ambamo bomba la moshi la hita lilipita ukutani. Moshi wa ubani ulipaswa kuvutwa nje. Badala yake ulirudi, ukatambaa usoni kwetu. Liang Shifu akaenda moja kwa moja kwenye roshani, akainama, akatazama yale mabalo tuliyoyapanga.

"Haya ni ya nani?" aliuliza.

Bomba la moshi lilikuwa linatokea pale pale nyuma ya jinzi. Tulikuwa tumeliziba kama chupa. Kila hita ilipowaka, moshi wake ulikosa pa kwenda, ukarudi ndani kutuzunguka, na moto wenyewe, kwa kukosa hewa, ukawa unajifia. Akanieleza jina la ile sumu. Nilijua neno la Kichina kwa sababu tuliimbishwa shuleni kila baridi ikianza, lakini la Kiswahili sikuwa nalo. Nilisimama nikalitafuta. Mama alikuwa ananitazama, mama mdogo ananitazama. Mwishowe nikasema, "Anasema ni ile ya jiko la mkaa. Ya watu wanaolala na jiko chumbani wasiamke." Hapakuhitajika maelezo zaidi. Kwetu Tukuyu, kwenye baridi ya Juni, hakuna asiyejua habari ya nyumba fulani ambayo asubuhi haikufunguliwa. Mama alimkumbatia Ipyana kifuani. Mama mdogo alitoka akaenda roshani na kuanza kuvuta balo la kwanza kwa mikono yake mwenyewe, mpaka fundi akamshika bega na kumkalisha kwenye hewa safi.

Kazi iliyofuata niliitazama kama wengine wanavyotazama mpira. Alifungua hita, akatoa kichomeo, akanionyesha masizi yaliyojaa kama kitako cha sufuria ya ugali wa kuni. Alikisugua kwa brashi, akapuliza matundu yake moja baada ya jingine. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya gesi, akangoja kuona kama litatoa mapovu, halikutoa. Alifunga bomba jipya la moshi, refu, linalovuka roshani yote na kutokeza nje ya jengo kabisa. Ndipo akaniambia nifungue maji. Moto ukawaka bluu, umetulia, hauchezi. Kile kijiti cha ubani kikapeleka moshi wake nje kwa adabu. Kifaa chake cha kupima hakikulia. Alikaa nacho pale muda mrefu, maji yakitiririka, kwa sababu, alisema, hita inayowaka kwa dakika chache bado haijapona.

Alipokuwa anakusanya vifaa akaliona beseni, majani na vitambaa, akauliza ni vya nini. Nilipomweleza, uso wake ulikunjuka. Akaniuliza mama ana siku ngapi tangu ajifungue, na nilipomjibu aligeuka akamkaripia mama kwa Kichina kirefu: mzazi mwenye mtoto mchanga kama huyu, miguu mitupu kwenye vigae, madirisha wazi, anafikiria nini. "Anasema nini?" mama aliuliza. Nikasema, "Anasema kama mama mdogo." Mama mdogo alifurahi sana. Alimvuta fundi mkono akamwonyesha jinsi ya kukunja kitambaa na wapi pa kukandamiza, na Liang Shifu akamwonyesha kwa ishara jinsi kwao mama aliyejifungua anavyooshwa kwa maji ya tangawizi. Wakaelewana bila mimi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike nchi ile kuona watu wazima wakizungumza sana huku nimekaa bila kazi.

Kabla ya kuondoka akauliza kama nyumba nyingine za jengo zina hita kama yetu. Zote zilikuwa nazo. Basi ziangaliwe leo, alisema. Mama akasema hakuna atakayemfungulia. Akachukua simu akampigia kaka Swaleh, aliyekuwa karibu zaidi. Simu ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Tukashuka, fundi mbele, mimi nyuma yake, mama mdogo nyuma yangu ingawa alikatazwa. Mlangoni kwa Swaleh tulisikia maji yanatiririka. Liang Shifu aligonga, kimya. Aliweka sikio mlangoni, akaniambia, "Hita inawaka. Iko bafuni, naisikia. Mwite wewe, kwa lugha yenu, kwa nguvu."

Nikaita. Nilisema ni mimi Atu wa juu, si polisi, ni fundi wa maji ya moto, kaka Swaleh fungua. Niliita mpaka sauti ikapasuka. Mama mdogo akaongeza ile sauti yake ya kuita ng'ambo ya bonde, jengo likatetemeka. Tukasikia kitu kikianguka, kitu kikiburuzwa, kisha kitasa. Kaka Swaleh alifungua akiwa amepiga magoti, nusu uso umejaa povu. Alipoona ile sare ya bluu kutoka dirishani alijificha chumbani, na vishindo vya kwetu vilipozidi akaingia bafuni, akajifungia, akaacha maji yatiririke ili ajifanye hasikii, na hita yake ilikuwa imetundikwa humohumo bafuni, haina bomba la moshi hata kidogo. Baadaye alisema aliposikia kugongwa alitaka kunyamaza, na miguu haikuwa na habari naye tena, lakini aliposikia sauti yangu alijiambia polisi hawawezi kumjua Atu.

Tulimburuta hadi kwenye ngazi penye upepo. Alitapika, akalia, akaanza kutania, na fundi aliposikia anatania akatulia kidogo. Alitaka kurudi kulala. Liang Shifu alimkatalia, akaita gari la wagonjwa, akapanda naye. Swaleh alirudi kesho yake asubuhi na mfuko wa machungwa, akipanda ngazi polepole, akimsimulia kila aliyefungua mlango jinsi alivyookolewa na wanawake wa Tukuyu na mmoja wa Guangzhou. Safari hii milango ilifunguka.

Na mimi nikawa na kazi mpya. Siku hiyohiyo, Jumamosi, kutwa nzima nilipita na Liang Shifu ghorofa kwa ghorofa, nikisimama mbele ya milango na kusema kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha shuleni na kwa Kifaransa kidogo nilichofundishwa na Wakongo, kwamba ni fundi wa maji ya moto. Alizima nyingine, akasafisha nyingine, na ile ya bafuni kwa Swaleh akaing'oa, akampigia mwenye nyumba simu na kumweleza hapohapo kwenye ngazi kwa sauti ambayo kila ghorofa iliisikia. Hita mpya ilikuja, na bomba lake. Msako haukwisha, polisi walikuja wiki nyingine, kweli wao, na tukanyamaza kama kawaida. Lakini hofu ilikuwa imepungua uzito, kwa sababu tulikuwa tumefahamiana. Watu ambao hita zao zilikuwa zinasubiri vipuri walikuja kuoga kwetu, wamebeba taulo na ndoo kama wanakwenda kisimani, na sebule yetu ikajaa watu wenye nywele mbichi wakinywa chai ya tangawizi na kumbeba Ipyana kwa zamu.

Arobaini ya mama ilipofika, kaka Swaleh alipika pilau kwenye sufuria tuliyoazima kwa Wakongo. Liang Shifu alikuja bila sare, sikumtambua, amebeba mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, kama wanavyofanya kwao mtoto akitimiza mwezi. Aliomba msamaha kwa kuchelewa. Mama alitoka chumbani na kanga mpya, amenyooka, anang'aa, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta ili mama mdogo apimwe kazi yake, na watu wote wakapiga makofi. Mama mdogo alicheza mpaka jirani wa Kichina wa chini akaja kulalamika, akapewa sahani ya pilau, akakaa.

Siku hizi naishi Dodoma, katika jengo jipya lenye lifti. Maji ya moto yanatoka nikigusa kitufe, na hita ikiharibika fundi anakuja na kuondoka nikiwa kazini. Nina pasipoti yangu, mkataba wangu, hakuna anayeniuliza ninaishi hapa kwa ruhusa ya nani. Hayo si mambo madogo, na sitamani kurudi kwenye kunyamaza kule. Lakini mwezi uliopita niliona lori likipakia vitu vya nyumba ya mkabala na yangu, nikagundua kwamba mtu ambaye mlango wake unatazamana na wangu kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumjua jina. Nilivua viatu vya kazini nikamsaidia kushusha friji. Anaitwa Mariamu, ana mapacha, na anapenda kucheka. Tulikaa kwenye ngazi tukanywa soda mpaka dereva wa lori akapiga honi, kisha tukaendelea kukaa.